Pawa Mita kwa Barabara za Mbulu na Hanang: Nunua Ipi, na Lini

Swali huja kwa maneno yanayofanana, liwe limetoka Katesh, Haydom au Mbulu mjini: kati ya pawa mita zote zinazouzwa, ipi inaifaa baiskeli ya lami ya huku? Nyuma yake hufuata swali la pili, ambalo wauzaji hawalipendi: je, kweli inahitajika?

Jibu fupi litangulie. Kwa mwendesha baiskeli wa wilaya hizi mbili, chaguo linalofaa zaidi ni pedali zenye kipimo ndani yake, hata kama ni za kupima mguu mmoja tu, mradi tairi, breki na viatu vimeshakaa sawa. Sababu zinafuata, pamoja na hali ambazo ushauri huu haufai.

Pawa mita hupima, kwa wati, nguvu ambayo mguu unaingiza kwenye baiskeli. Vihisi vidogo hugandishwa kwenye chuma cha pedali au krenki. Mguu ukikandamiza, chuma hupinda kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, lakini kihisi hukipata. Kifaa hukizidisha kwa kasi ya mzunguko na kurusha namba kwenye kompyuta ya usukani. Mjerumani Ulrich Schoberer alianza kutengeneza vifaa vya SRM mwaka 1986, na kwa miaka mingi vilibaki mali ya timu kubwa na maabara. Siku hizi bei imeshuka hadi mtu wa kawaida mwenye nia anaweza kujipanga akanunua.

Je, unaihitaji?

Barabara ya lami ya Babati–Katesh–Singida inamdanganya anayefanya mazoezi kwa kutazama mwendo. Chukua mwendeshaji ambaye yeye, baiskeli na chupa zake za maji ni kilo 75, na anakanyaga wati 200 bila kupungua. Kwa hesabu ya kawaida, katika hewa ya kimo cha mita 1,700 na kwenye lami tambarare isiyo na upepo, atakwenda karibu kilomita 36 kwa saa. Upepo wa mbele wa kilomita 15 kwa saa ukianza, ataporomoka hadi 28 hivi. Akigeuza, upepo ukawa mgongoni, atafikia 45. Mguu ni ule ule na jasho ni lile lile, ila namba tatu tofauti kabisa.

Milima nayo ina yake. Mwendeshaji huyo huyo akipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 12 tu kwa saa, tayari anatumia karibu wati 165. Ndiyo maana wengi huanza ukuta wa Bonde la Ufa, kutoka Dareda kwenda Bashnet na Dongobesh, wakidhani wanakwenda taratibu, kumbe wameshazidisha. Dakika 10 baadaye wanashuka na kusukuma.

Utauliza: si afadhali mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo? Kwa wengi, ndiyo, uanze na huo. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya pawa mita, na unafanya kazi nzuri. Kasoro yake ni kwamba moyo huchelewa: ukiongeza nguvu ghafla, mapigo huchukua muda kupanda, na yanabadilika kwa joto, kiu, usingizi mbovu hata chai ya rangi ya asubuhi. Wati huonekana papo hapo.

Nunua pawa mita ikiwa:

- unafanya mazoezi angalau mara tatu kwa wiki, kwa mpango unaoandikwa;
- una kompyuta ya baiskeli au saa inayoweza kusoma wati;
- uko tayari kukaa na namba hizo jioni na kuzilinganisha na za wiki iliyopita.

Subiri kwanza ikiwa:

- tairi zako zimekwisha au zinapasuka kila wiki;
- bado unatumia pedali bapa na viatu vya kawaida;
- unaendesha kwa kufika shambani, mnadani au kazini tu;
- fedha hiyo ni ya ada.

Hilo la mwisho si mzaha. Kifaa hiki hakimfanyi mtu awe na nguvu. Mwenye saa ya mkononi anaweza kupanda mlima ule ule kila Jumamosi, akaandika muda wake daftarini, na akajua kama anaendelea au amesimama.

Inakaa wapi kwenye baiskeli

Hapa ndipo makosa mengi ya fedha hutokea, kwa hiyo tusiharakishe.

*Krenki ya kushoto.* Kampuni kama 4iiii ya Kanada hubandika kipimo kwenye mkono wa kushoto wa krenki. Bei huanzia takriban dola 300 hadi 400 kabla ya usafirishaji. Ni chepesi, hakionekani, na ukianguka hakigusi ardhi kirahisi. Lakini lazima mkono huo ulingane na krenki uliyo nayo: kampuni ile ile, ekseli ya aina ile ile, urefu ule ule. Pia kati ya krenki na fremu pabaki nafasi ya karibu milimita 10. Ukiwa na baiskeli ya mtumba yenye krenki ambayo jina lake limefutika, hilo ni bahati nasibu.

*Katikati ya krenki ya kulia.* Hapa ndipo Quarq, iliyo chini ya SRAM, na SRM wenyewe wanapoweka vipimo. Ni imara na hupima miguu yote kwa pamoja. Tatizo ni kufunga: unahitaji fundi anayejua beringi za katikati za kisasa na mwenye vifaa vyake. Usipomjua fundi wa aina hiyo Babati au Arusha, acha.

*Haba ya nyuma.* PowerTap ndiyo iliyoifanya haba yenye kipimo ijulikane. SRAM iliinunua PowerTap mwaka 2019, na utakazokutana nazo sasa ni za mitumba. Zilikuwa nzuri, ila zinakufunga kwenye rimu moja, na spea zake zinazidi kuwa adimu.

*Pedali.* Favero ya Italia hutengeneza Assioma, Garmin wanazo Rally, na kampuni za China nazo zimeingia sokoni. Zinafungwa kwa spana ya kawaida au ufunguo wa pembe sita, na kuzihamisha kutoka baiskeli moja hadi nyingine ni kazi ya dakika chache. Fremu ikivunjika, pedali zinabaki. Ukiazima baiskeli ya mwenzako kwa ajili ya mashindano Arusha au Mwanza, unakwenda nazo mfukoni.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sababu hawajaona baiskeli za huku. Phoenix nyingi na ndugu zake zina krenki ya kotapini, ile inayogongwa kwa nyundo. Hakuna pawa mita ya krenki itakayoingia pale. Pedali zinaweza kuingia ikiwa nyuzi ni za kawaida, yaani inchi 9/16. Hata hivyo usifanye hivyo. Krenki ya kotapini ikilegea kidogo, pedali hucheza, na nyuzi zikiliwa unapoteza kitu cha mamia ya dola kwenye krenki ya bei ya chakula cha mchana.

Kasoro kuu ya pedali: ziko nje, chini, mahali pa kugonga mawe. Anayependa kukata kona huku anakanyaga kwenye changarawe ya Mbulu ataziumiza.

Aina ya pedali ifuate njia, si picha

Kliti ni kile kipande kinachofungwa chini ya kiatu na kunasa kwenye pedali. Za lami, kama Look Keo na SPD-SL, ni pana, za plastiki, na hutokeza chini ya soli. Za SPD ni ndogo, za chuma, na huzama ndani ya soli.

Mtu wa Katesh anayekwenda Singida na kurudi kwa lami anaweza kuchagua za lami bila wasiwasi. Lakini mtu wa Mbulu au Haydom ambaye kila safari ina vumbi, mchanga, na mahali pa kushuka na kutembea, anahitaji SPD. Udongo mweusi wa masika ukishajaa kwenye kliti pana, kiatu hakinasi tena mpaka utafute kijiti. Assioma PRO MX na Garmin Rally XC ni za SPD, na hufungwa kwenye baiskeli ya lami kama kawaida. Usione haya kuendesha baiskeli ya lami kwa viatu vya milimani.

Mguu mmoja au yote miwili?

Kifaa cha upande mmoja hupima mguu wa kushoto na kuzidisha mara mbili. Tuseme nguvu yako halisi ni wati 200, na kushoto hutoa asilimia 52. Kushoto ni wati 104; kifaa kitaandika 208. Kosa ni la asilimia 4. Kwa mtu anayejilinganisha na nafsi yake, hilo linavumilika, mradi uwiano wa miguu usiwe unabadilika sana anapochoka.

Yupo asiyepaswa kubana matumizi hapa. Wilaya hizi ni za wakimbiaji: Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na bandeji gotini, na Hanang imemtoa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Mkimbiaji anayepanda baiskeli wakati anauguza goti au msuli wa paja anahitaji kuona kila mguu peke yake. Kifaa cha upande mmoja kitampa namba inayobadilika kila goti linapopata nafuu, naye atadhani nguvu imeongezeka. Huyo anunue ya pande mbili, au asinunue.

Njia ya kati ipo: baadhi ya kampuni, Favero ikiwamo, huuza pedali za upande mmoja zinazoweza kuongezewa upande wa pili baadaye.

Usahihi: asilimia 1 au 2?

Wanunuzi hupoteza usiku mzima wakilinganisha kampuni inayodai kosa la asilimia 1 na inayodai asilimia 1.5. Kinachokufaa zaidi ni kifaa kinachorudia namba ile ile kwa kazi ile ile. Mizani ya mnadani inayozidisha gramu 50 kila siku bado itakuambia kama mbuzi ameongezeka uzito. Inayozidisha leo na kupunguza kesho haikuambii kitu.

Na hata wakubwa huteleza hapa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kujifunza kazi kwa David Kinjah kule Kikuyu, alishinda hatua ya La Pierre-Saint-Martin katika Tour de France ya mwaka 2015. Watu walipomtilia shaka, timu yake ya Sky ilitoa takwimu: wastani wa wati 414 kwa dakika 41 na sekunde 28, mwili wa kilo 67.5. Gawanya, upate wati 6.13 kwa kilo. Timu ikasema namba sahihi ni 5.78, kwa sababu Froome alitumia gia za mbele zenye umbo la yai, na gia hizo huifanya pawa mita isome zaidi kwa karibu asilimia 6. Mwenye gia za mviringo hana tatizo hilo. Mwenye za umbo la yai amuulize muuzaji moja kwa moja kama kifaa kinazimudu, na apate jibu la maandishi.

Baridi, vumbi, betri

Asubuhi za Juni na Julai huko juu Mbulu ni za koti. Saa tano jua limewaka. Chuma hubadilika na joto, na namba hubadilika nacho. Vifaa vizuri hujirekebisha vyenyewe, lakini vya bei ya chini mara nyingi havijirekebishi vya kutosha. Uliza hili kabla ya rangi na uzito.

Kwenye betri, fikiria duka la karibu nawe:

- CR2032, ile betri bapa ya rimoti ya gari, hupatikana katika miji midogo mingi. 4iiii hutumia hii.
- LR44, ya kikokotoo na vidude vya watoto, nayo hupatikana, ingawa nyingi ni hafifu. Garmin Rally za mwaka 2021 hukubali hizi.
- Assioma huchajiwa, na chaji moja hukaa saa 50 au zaidi. Waya wake wa kuchajia si wa simu: ukipotea, unasubiri mwingine kutoka nje. Anayeishi mbali na mji afunge waya huo kwenye begi moja na usitoke.

Usioshe baiskeli kwa mashine ya kuoshea magari. Maji ya msukumo huingia mahali ambapo mvua ya mwezi mzima isingefika. Kitambaa chenye unyevu na mswaki wa zamani vinatosha.

Vya mitumba

Bei huvutia, na vingine ni vizima kabisa. Ila Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi wa krenki za Ultegra na Dura-Ace zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019, kwa sababu vipande vilivyounganishwa kwa gundi vinaweza kuachana. Namba zake ni FC-6800, FC-9000, FC-R8000, FC-R9100 na FC-R9100P. Hiyo ya mwisho ni pawa mita. Ni krenki za aina hii ambazo utakutana nazo ukitafuta kitu cha mkono wa pili.

Kabla ya kutoa fedha:

1. Omba picha ya namba iliyo nyuma ya krenki, isomeke.
2. Muulize muuzaji kama ilikaguliwa, na kama ana uthibitisho.
3. Omba video: kifaa kinawaka, kinaunganishwa na simu, kinasawazishwa sifuri.
4. Kwa pedali, omba aizungushe kwa kidole karibu na simu. Mkwaruzo ukisikika, beringi zimekwisha.
5. Kifaa ambacho programu yake ya simu haipo tena, kiache.

Kufunga bila kuharibu

Fundi aliyekulia kwenye Phoenix ana mikono mizuri, ila amezoea kulazimisha. Simama karibu naye.

Futa nyuzi za krenki kwa kitambaa mpaka zing'ae. Paka grisi kidogo. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume na saa, ya kulia kufuata saa. Anza kwa vidole pekee, mizunguko mitatu au minne bila spana. Ikikataa kwa vidole, toa uanze upya, maana imeingia upande. Kaza mwishoni kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Kisha zungusha krenki taratibu na uangalie kama cheni, kwenye gia ndogo kabisa, inagusa kitu.

Baada ya hapo:

- Ingiza urefu sahihi wa krenki kwenye programu. Umeandikwa kwenye mkono wake: 165, 170, 172.5 au 175. Ukiandika 175 wakati ni 170, kila namba itazidi kwa karibu asilimia 3, na hakuna kitakachokuonya.
- Endesha dakika chache, kaza tena kama kitabu kinavyoelekeza.
- Sawazisha sifuri: baiskeli imesimama wima, hakuna mguu kwenye pedali, krenki imeelekea chini. Fanya hivyo kila unapotoka, na baiskeli ikae nje kwanza dakika 10 ipoe. Ukiitoa ndani ya nyumba yenye joto na kusawazisha papo hapo, umesawazisha kitu kitakachobadilika kabla ya kilomita ya pili.

Majuma ya kwanza

Usijipime siku ya kwanza. Endesha kama kawaida, ukitazama tu. Ukishazoea namba, fanya jaribio: dakika 20 za kukanyaga kwa nguvu zote unazoweza kuzigawa sawasawa, kisha wastani wake uuzidishe kwa 0.95. Hicho ndicho kiwango cha kupangia mazoezi. Tafuta kipande kisicho na mteremko wala makutano. Mlima mrefu ni bora. Nenda asubuhi, kabla malori na mifugo hawajajaa barabarani.

Rudia mahali pale pale. Kimo hupunguza wati: mtu aliyejipima Dar es Salaam akija Mbulu, hatazipata namba zake, na si kosa la kifaa. Aliyejipima huku apangie mazoezi namba za huku.

Makosa yanayojirudia mno:

- kutazama wati za sekunde hiyo, zinazorukaruka, badala ya wastani wa sekunde 3 au 10;
- kulinganisha namba na za rafiki mwenye kifaa kingine na kilo nyingine;
- kubadilisha kifaa katikati ya msimu kisha kushangaa kuwa "nguvu zimepotea";
- kukodolea macho usukani kwenye mteremko. Mashimo na mbuzi havionekani kwenye kioo.

Kabla ya kutuma fedha

Bei iliyo kwenye tovuti si utakayolipa. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na mtu wa forodha umuulize kabla mzigo haujaondoka. Kisha mtumie muuzaji maswali haya, na usilipe mpaka yote yamejibiwa kwa maandishi:

- Je, inarusha kwa ANT+ na Bluetooth zote mbili? Kompyuta yangu ni hii, umewahi kuiona ikifanya kazi nayo?
- Ni kliti gani zinazokuja nayo, na spea zake ni bei gani?
- Beringi na vifuniko vya betri vinauzwa peke yake?
- Udhamini unamfikia mteja aliye Tanzania, na nani analipia kurudisha?
- Betri ni aina gani, na waya wa kuchajia unauzwa peke yake?

Muuzaji anayekwepa swali la udhamini aachwe, hata kama bei yake ni nusu. Kifaa kikifa Haydom mwezi wa tatu bila udhamini, hakuna fundi wa karibu wa kukifungua.